Radhi za Mama Kutoka Dunguni

Jumapili, alasiri. Masika yamekwisha, jua si kali, na mimi nimekaa kwenye kafe ya intaneti hapa Dar, nawaandikia.

Leo nimeruka hadi kwetu Rufiji.

Nilipopata leseni ya urubani binafsi kule Afrika Kusini, nilidhani nimemaliza. Kumbe leseni hiyo hainiruhusu kufanya kazi ya kulipwa. Kampuni binafsi za ndege zimefunguliwa nyingi siku hizi, lakini hakuna itakayoniajiri mpaka nikusanye saa za kutosha za kuruka, kisha nifanye mtihani mwingine. Kule Afrika Kusini ndiko ndege za kukodi zinapatikana kwa urahisi. Kwa hiyo nilikuja likizo kumuaga mama tena, na Jumanne narudi.

Mama akagoma kunipa radhi.

Hoja yake ilinichekesha mbele yake, na kicheko changu kikaharibu zaidi. "Sielewi, weye leseni si umeshapewa? Mwali tukishamcheza unyago tukamtoa nje, tunamrudisha ndani akafanye nini? Au hukufuzu, wanificha?"

Nikamweleza habari za saa za kuruka mpaka nikachoka. Akasema, "Miye mpaka nikuone kwa macho yangu uko juu. Hapo ndipo nitajua la kukwambia."

Mnaoniita mbishi hamjamwona mama yangu. Wenzangu wa mjini wananicheka, eti rubani mzima anangoja ruhusa ya mama. Wacheke tu. Mimi nikiwa angani peke yangu, baada ya Mungu na injini moja, ninachokitegemea ni kauli ya yule mama. Bila radhi zake siendi, na kusema kweli nilishaanza kuzoea wazo la kubaki.

Nikakodi ndege hapa Dar. Tatizo ni kwamba msimu huu mama hayupo nyumbani Ikwiriri. Kama wengine wote, amehamia bondeni kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, mchana anaamia makundi ya kwelea wasile mpunga, usiku anafukuza nguruwe mpaka mavuno yaishe. Madungu ni mengi, na ukiwa juu yote yanafanana. Basi nikampigia kwa simu ya jirani: afunge kanga nyekundu juu ya paa, nitamjua.

Nilisahau kwamba bondeni hakuna jambo la mtu mmoja.

Asubuhi nikaifuata barabara kuelekea kusini, nikaipita Kibiti, bonde likafunguka mbele yangu, kijani kitupu. Halafu nikaona nyekundu. Nyekundu hapa, nyekundu pale, nyekundu hadi kwenye kona ya mto. Kila dungu lilikuwa na kanga! Asiyekuwa na kanga nyekundu alitandaza shuka. Hakuna aliyekubali mtoto wao apite bila kumsalimia.

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Mama yangu alikuwa pale chini na sikuweza kumjua.

Nikafanya nililoweza. Nikazunguka bonde zima kwa kimo kinachoruhusiwa, nikitikisa mabawa juu ya kila paa kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba siku ya Idi. Watu walikuwa wakirukaruka na kupunga mikono. Nilimtafuta miongoni mwao mpaka mafuta yakanilazimisha kurudi.

Nilipotua tu nikapiga simu. Akapokea Bi Mwanahawa, jirani wa dungu la pili, mwenye simu ile. "Kwangu ndiko ulikoanzia, nimekuona! Na kwelea wote wamekimbilia ng'ambo. Mwanangu, kesho huji tena?" Nikamwomba anipe mama.

"Mama, umeniona?"

"Sikukuona."

Nikaanza kumweleza habari za kanga, akanikatiza.

"Si kanga, mwanangu. Niliposikia mngurumo, nikashuka upesi. Nikaingia chini ya dungu, nikafumba macho, nasoma dua. Wenzangu wote wanakupungia, miye nimejikunyata kwenye matope. Nimefumbua umeshaondoka."

Kumbe na yeye anaogopa. Miaka yote namjua kama mtu anayemfukuza kiboko kwa kugonga debe, na leo ameniogopea mpaka akashindwa kunyanyua uso. Nikamwambia, basi mama, nisiende.

"Nenda," akasema. "Nikingoja mpaka niweze kutazama, utazeekea hapa. Radhi zangu unazo, zote. Ila usinambie unapopanda. Ukishashuka, ndipo unambie kwamba ulipanda."

Nimelia palepale kwenye maegesho ya ndege, fundi akajifanya anakagua tairi.

Jumanne naondoka. Nimejiwekea sharti moja: kila nikitua, nampigia mama kwanza, ndipo niifunge ndege.