Mabega ya Mume Wangu

Jumamosi, 4 Mei

Yule tunayemchora kila wiki darasani kwetu la uchoraji kaugua. Nikajitia kiherehere, nikamleta mume wangu akae badala yake. Nimejitakia mwenyewe!

Mwalimu ana mtindo wake: anafunika uso wa mchoro kwa kadi, anauliza darasa, huyu anahisi nini? Mwili useme wenyewe. Kwa mchoro wangu walisema anasubiri zamu hospitali. Kicheko! Ukaja wa Bi Kucha — namwita hivyo kwa hizo kucha zake nyekundu — anayekaa dirishani. Fundi cherehani mmoja tunayesoma naye akasema, huyu kapenda. Wote wakaitikia.

Mtu yuleyule, kiti kilekile! Na mimi ndiye ninayelala naye.

Jumanne, 7 Mei

Nimemkalisha jikoni nimchore. Kakakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Legeza mabega, nikamwambia. Akasema ndiyo yamelegea hayo, mke wangu. Wapi! Nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

Halafu kauliza, eti Jumamosi watamhitaji tena? Kwa sauti ya mtu asiyejali. Na shati keshalipiga pasi, leo Jumanne!

Niseme tu: nina wivu. Roho inaniuma. Labda Bi Kucha ana mkono mzuri, basi? Hata huo mkono namwonea wivu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimewahi, nikakalia kigoda cha dirishani. Bi Kucha akaja, akasema, dada, hapo pangu. Nikamjibu mwanga ni wa wote. Akaenda kukaa kwangu, kando ya mlango.

Mume wangu akaingia, akaketi, akageukia dirishani kabla hajatazama ni nani yuko. Jamani! Mabega yameshuka, shingo imelegea, magoti yote upande huu. Nyumbani sijawahi kumwona hivyo. Halafu akaniona. Mabega juu! Mikono ikabanwa mapajani. Uso ulitabasamu, lakini nani anautazama uso?

Mwalimu akasema hapo hapo, usitikisike. Nikachora. Mkono ulikwenda wenyewe, sikufuta hata mstari.

Mume wangu alipotoka nje kunyoosha miguu, kadi ikawekwa kwenye uso wa mchoro. Darasa zima kwa pamoja: huyu kafumaniwa! Mwalimu akapiga makofi, akasema hatimaye. Na mimi nikafurahi — Mungu anisamehe, nilianza kwa kufurahi. Bi Kucha peke yake alikuwa anakusanya penseli zake.

Sasa niko chumbani, nimejifungia. Anagonga. Anasema kasikia mchoro wangu umesifiwa, anataka auone. Nimeukalia. Anagonga tena, taratibu, ananiita mke wangu.