Jodari Saba kwa Kila Fungu: Kwa Baba Yetu, Mwalimu Aleki Falaniko

Baba, mwaka umetimia tangu moyo wako usimame ukiwa umelala kwenye mkeka wa Mama, siku tisa baada ya kuitwa mwizi mbele ya kijiji kizima.

Miaka thelathini na moja uliwafundisha watoto wa kisiwa hiki hisabati. Ulitembea na vipande vya matumbawe mfukoni, na ukimkuta mtoto anazurura unamkalisha chini. "Haya, panga kumi na mbili. Safu mbili zinalingana? Safu tatu? Hivyo ndivyo vigawo. Sasa panga kumi na tatu." Mtoto anapanga, anapangua, safu zinamkatalia, nawe unacheka. "Hiyo tasa. Usigombane nayo."

Hamsini na tatu uliipenda kuliko namba zote, kwa kuwa ndiyo idadi ya mafungu ya inati, mgawo wetu wa samaki, fungu moja kwa kila nyumba. Ulisema kijiji cha namba tasa hakikatiki makundi sawa, hata mtu akitaka.

Siku ile mitumbwi ilileta jodari mia tatu sabini na moja. Uligawa, kila nyumba ikachukua fungu lake, mchanga ukabaki mtupu. Ndipo Mjomba Penehe, kaka yake Mama na mgawaji mwenzako, akaja kukusimamia kichwani.

"Masalio yako wapi, shemeji? Wajane wanasubiri."

"Leo hakuna masalio. Wajane wamepata mafungu yao."

"Hakuna? Nimejaribu mbili, nimejaribu tatu, nimejaribu tano, haigawanyiki. Hiyo tasa, mwalimu, lazima kitu kibaki. Au unafundisha mchana, unakula jioni?"

Watu wakacheka. Ukamjibu kwa upole wako uleule: "Umeishia tano, Penehe. Jaribu saba."

"Nikijaribu saba, wewe utakuwa umeshatafuna wangapi?"

Saba mara hamsini na tatu ni mia tatu sabini na moja. Mtu mmoja tu angesema "nilipata saba", angekuokoa. Lakini kwetu fungu likishapokelewa halihesabiwi. Kulihesabu ni kumtukana mgawaji. Kwa hiyo walikuheshimu kwa kunyamaza, wazee wakakuvua ugawaji, na ukimya huo ukakufuata hadi kaburini. Bado hatujawasamehe. Nilishuka melini na shahada yangu ya ualimu, ile uliyoingoja miaka minne, nikakuta wanakuchimbia kaburi.

Basi mwaka huu tumeuvunja mwiko. Mama amesema wazi kanisani: "Nilihesabu nikiwa nawapasua. Walikuwa saba. Anayeona nimetukana aje aniambie mimi." Bibi Sulia wa nyumba ya pili alinivuta pembeni. "Mimi sikuhesabu fungu, Telesia. Nilihesabu vichwa kwenye supu. Supu haina mwiko." Vilikuwa saba. Hadi leo nyumba kumi na tisa zimesema saba, pamoja na yetu. Thelathini na nne bado zinatazama chini zikikutana nasi njiani, na nyingi kati yake zina watoto uliowafundisha kuhesabu.

Nilikwenda kwa Mjomba Penehe pia. Alikuwa anashona wavu.

"Maiti hagawi samaki," akasema. "Yaacheni."

"Fungu lako wewe, Mjomba, lilikuwa na wangapi?"

Alikaza fundo lilelile mara mbili, kisha akanipa mgongo. Anajua, Baba. Alikula saba, akakuita mwizi kwa samaki waliokuwa tumboni mwake.

Nina hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu. Lakini wewe hukumfukuza mwanafunzi aliyeishia tano. Ulimwachia mawe yake, ukasema, "Endelea, bado kidogo." Najitahidi kuamini kwamba naye Mjomba bado kidogo.

Unakumbukwa na mkeo Lise; mama yako Akenehe; wanao Iosefo, Melania na Tavita; nami Telesia, ninayefundisha sasa katika darasa lako, kwa mawe yako.

Tuko sita. Nafasi ya saba tumemwachia Mjomba Penehe, siku atakaposimama pale pale mchangani alipokuita mwizi, akaitaja namba.

Kila jodari wanapogawanywa, Baba, tutakukumbuka, na tutahesabu.