Breki ya Mbele Niliyoilegeza

Jumanne. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Kifua kinakoroma, miguu imevimba. Daktari hajaniambia siku zilizobaki, lakini ameacha kunikataza chumvi, nami nimeelewa.

Naandika kwa kidole kimoja. Mmezoea kusoma humu kwenye blogu yangu habari za mpunga na magonjwa ya kakao. Leo si hayo.

Jana alikuja Tusajigwe, ambaye zamani tulifanya naye kazi ofisi moja ya kilimo. Huja kila mwezi kunijulia hali, akiburuta mguu wa kulia, na utani huanzia mlangoni.

"Mwalimu, bado upo? Na mimi nimekuja na mchele wa matanga!"

"Upike leoleo, na mimi nionje."

Tulicheka. Kisha akanipa habari iliyonikata kicheko. Binti yake, Neema, anayezunguka vijiji vya Katumba Songwe kukusanya kakao, amenunua pikipiki. "Nimemwambia breki ya mbele asiiguse kabisa," alisema. "Nimemwambia hayo ni maneno ya Mwalimu wangu mwenyewe."

Maneno yangu. Bado yanatembea.

Ilikuwa miaka ile soko la mazao lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kumiminika Kyela, na barabara ya kupanda Tukuyu ilikuwa imepata lami. Mradi mmoja ulituletea pikipiki sita. Kwa kuwa nilisoma Kiingereza vizuri na niliwahi kuendesha, nilikabidhiwa kitabu cha maelekezo niwafundishe wenzangu. Tusajigwe alikuwa bibi shamba pekee darasani.

Kitabu kilisema wazi. Ukitaka kusimama ghafla, achia mkono wa mafuta, pikipiki iwe wima na imenyooka, tumia breki zote mbili kwa pamoja. Ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu uzito wote huhamia mbele. Lakini ibane kwa kuongeza nguvu polepole, kama unakamua chungwa, usiikwapue. Macho yatazame mbali, si kile unachokiogopa. Kwenye tope au mchanga, upole zaidi.

Ukurasa huo niliuruka.

Sababu yake ni ya aibu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilianguka kwenye tope la njia ya Itungi, mbele ya akina mama waliokuwa wakitoka sokoni. Niliikwapua breki ya mbele. Tangu siku ile nilimwambia kila mtu kwamba breki ile inarusha watu. Sasa kitabu kikaniambia kosa lilikuwa la mkono wangu. Sikuwa tayari kulisema hilo mbele ya darasa. Nikachukua spana, nikalegeza waya wa breki ya mbele kwenye pikipiki zote sita, nikawafundisha kutumia ya nyuma peke yake.

Tusajigwe aliona. "Mwalimu, sasa hiki cha mkononi kina kazi gani?"

"Hicho ni pambo, mama. Kama hereni zako."

Darasa zima lilicheka. Naye alicheka.

Miezi michache baadaye, kwenye mteremko wa lami kavu, ng'ombe alikatiza mbele yake. Alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote, kama nilivyomfundisha. Tairi la nyuma likakwama, pikipiki ikateleza ubavu na kumlalia. Nyonga ikavunjika.

Wiki ileile nilikaza nyaya za zile pikipiki tano zilizobaki. Sikumwambia mtu.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya niogope kuandika. Ofisi iliniomba taarifa ya ajali. Niliandika kwamba breki zilikuwa nzima, na kwamba mwanamke hana nguvu za kumudu chombo kile. Nikatia sahihi. Mpaka nastaafu, hakuna bibi shamba mwingine aliyepewa pikipiki pale.

Yeye aliamini kosa ni lake. Miaka yote hii husema, "Uzembe wangu tu, Mwalimu," nami hunyamaza, nikila mchele wake.

Jana sikunyamaza. Nilimweleza yote, hata ile taarifa.

"Ule ukurasa uliusoma?" aliniuliza.

"Niliusoma."

"Ukauelewa?"

"Niliuelewa."

Aliutazama mguu wake. Sikumwomba msamaha, niliona ningekuwa namtwisha kazi nyingine. Kisha akauliza, "Kitabu unacho?" Kilikuwa sandukuni. Alikichukua, akaondoka bila kuniaga. Mchele aliuacha mezani.

Leo mvua ilipokatika nilisikia pikipiki nje. Alikuwa Neema, kitabu amekifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, babu. Mama amesema nije unifundishe ukurasa uliouruka. Yeye haji."

Nilikaa barazani na blanketi langu. Kwanza nilimwambia aisukume pikipiki kwa mkono na kuibana breki ya mbele, aone pua inavyoinama. Kisha aendeshe taratibu kwenye kipande cha lami kilichokuwa kimeshakauka, asimame, arudie, aongeze mwendo kidogo.

"Usiikwapue! Kamua!" nilipiga kelele mpaka kikohozi kikanishika.

"Babu, utakufa kabla sijafuzu," alisema.

Mara ya nane au ya tisa alisimama mbele yangu kabisa, matairi yamenyooka kama mstari. Nilipoinua macho nilimwona Tusajigwe ng'ambo ya barabara, ameegemea nguzo ya duka. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakuvuka. Alimngoja binti yake ageuze pikipiki, akampungia mkono, akaondoka na mguu wake.

Nikiamka kesho, nitaiandika upya ile taarifa, kwa mkono wangu, nitie sahihi ileile. Neema atampelekea mama yake. Aisome au aichome, ni yake.