Bado Mmoja

Kaka yangu,

Huku hatujambo, tunasema hivyo kwa mazoea. Bati la jikoni tumeliziba. Ile kanda ya nyimbo za Baba na genge lake la wajenzi wa reli, tuliyoisikiliza utotoni mpaka Mama akatufukuza sebuleni, imeliwa na redio. Imekatika vipande.

Nisingekusumbua kwa sababu ya kanda. Ni Baba. Hali wala hanywi. Amekamata chuma cha kitanda kwa mikono miwili na anaimba, "Vijana, tushushe?" Kisha anangoja. Unakumbuka: walipokuwa wakibeba reli, yeye kiongozi hakuiachia mpaka kila mtu aitikie, isije ikamponda mtu miguu. Nimeitikia mimi. Wajukuu wameitikia. Hata jirani fundi cherehani, mwenye sauti ya pikipiki mbovu, kaitikia. Baba anatikisa kichwa: "Bado mmoja."

Mmoja huyo ni wewe. Kwenye kanda, baada ya wanaume wote, kuna katoto kenye pengo kanapiga kelele, "Shusha!" na Baba anacheka.

Najua alichokuambia kwenye mazishi ya Mama. Sikuombi umsamehe. Lakini simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii. Piga, kaka, nitamwekea sikioni. Neno moja tu. Daktari anasema tumwache apumzike; atapumzikaje na reli mikononi? Vidole vimeshaanza kutoka damu.

Ni mimi dada yako,
ninayemsaidia kushika.