Athumani Aliyezikwa Mara Mbili

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba, lakini duka la dawa halina sikukuu. Asubuhi wateja wa mafua, mchana kimya. Nikafungua simu, ile tovuti ya makaburi ya askari wa vita vya pili. Siku hizi ndiyo tabia yangu. Naandika Handeni, napitia majina, nasoma kila mmoja alitoka kijiji gani. Kwetu hakuna aliyekwenda vitani, ndivyo tulivyoambiwa tangu utoto. Nasoma wa wenzetu.

Leo nimekuta hili: Athumani bin Kilua, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Mtoto wa Kilua, wa Kwedizinga, Handeni. Amezikwa Burma.

Hilo ni jina la babu yangu mzaa baba. Alifia nyumbani Kwedizinga nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Niliona jeneza likitoka.

Nusura nimpe mteja dawa isiyo yake. Nikafunga simu.

Jumatano, 9 Julai

Huenda ni majina kufanana tu. Akina Athumani ni wengi. Lakini Kwedizinga kulikuwa na Kilua mmoja, na watoto wake wa kiume walikuwa wawili: Athumani na mdogo wake Sefu.

Sefu ndiye aliyekimbilia Mombasa wakati wa vita, akamwacha mama yake, asirudi. Kwetu mtoto akitoroka kazi anaambiwa anataka kuwa Sefu. Hakuna mtoto wa ukoo aliyewahi kupewa jina hilo.

Sipendi ninachoanza kufikiri.

Jumapili, 13 Julai

Nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa uani anapura mahindi. Nikamsubiri apumzike, nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema waandishi wa Wazungu walikosea. Nikasema wangekoseaje jina, baba yake na kijiji, vyote kwa pamoja. Hapo akashika tena fimbo yake ya kupuria.

"Hadija, usiniletee baba yangu kwenye simu."

Namwelewa. Babu Athumani ndiye aliyekuwa akiitwa watu wakigombania mipaka ya mashamba, kwa sababu hakuwahi kusikika akisema uongo. Baba amejaribu kuishi vile vile. Nami nimemwendea na jambo kama hili, kwenye vumbi la mahindi, bila hata kukaa vizuri. Nimerudi Korogwe nimejichukia.

Ijumaa, 18 Julai

Watu wa nyaraka za taifa wamejibu barua pepe yangu. Bwana mmoja mwema amenipigia picha kurasa za faili la Handeni la miaka ile. Nimezisoma zote dukani. Nzige. Mhogo. Kodi. Watu waliotoroka mashamba ya mkonge. Njaa, tena njaa. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, analalamika kwamba majumbe wa vijiji wanapeleka bomani vijana wachache kuliko anavyotaka. Sentensi moja tu, kisha anarudi kwenye nzige.

Hakuna jina hata moja. Nilikasirika kana kwamba mtu ameninyima kwa makusudi. Halafu nikakumbuka kuna mtu ambaye sijamuuliza: shangazi Mwanahamisi, dada mkubwa wa baba, yuko Kwaluguru. Alizaliwa wakati wa vita.

Nilikuwa naogopa kumuuliza. Ukweli ndio huo.

Jumamosi, 26 Julai

Kwaluguru. Bodaboda, vumbi hadi kwenye meno. Shangazi macho hayaoni vizuri lakini sauti yangu aliitambua kabla sijamaliza shikamoo. Tulikula kwanza. Kisha nikamsomea kile kilichoandikwa kwenye tovuti.

Akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Huyo ni Sefu," akasema.

Naandika alivyonieleza, nisije nikapamba baadaye. Jumbe alitakiwa kupeleka vijana, akamtaja Athumani. Athumani alikuwa na mke mjamzito. Sefu hakuwa na mke. Bomani Handeni lilipoitwa jina la Athumani, aliyeitika ni Sefu. Mama yao aliambiwa kwamba jumbe amemsamehe Athumani, na kwamba Sefu ameteremka Mombasa kutafuta kazi. Baadaye habari ikamfikia jumbe: Athumani amekufa vitani. Siku hiyo Athumani alikuwa shambani anapalilia.

Jumbe aliogopa kufungwa. Athumani pia. Wakakubaliana ibaki kwamba Sefu yuko Mombasa. Hapakuwa na matanga, kwa sababu watu wangeuliza ni ya nani. Mama yao, Bibi Mwantumu, kila aliyetoka pwani alimuuliza habari za mwanawe. Alikufa bado anauliza.

Nikamuuliza shangazi kama Sefu alijitolea au alilazimishwa. Hajui. Mama yake, mke wa Athumani, ndiye aliyemsimulia, tayari akiwa mgonjwa, na hakulitaja hilo.

"Mimba ile ilikuwa mimi," akasema. "Sasa ningekwenda kumwambia nani?"

Alilia kidogo, bila sauti. Nami nililia. Kisha akataka nimwanulie nguo, wingu limeshakuwa kubwa.

Jumapili, 27 Julai

Nilipitia Kwedizinga nikamwambia baba. Safari hii tulikaa ndani. Nilimweleza kwa utaratibu, kama shangazi alivyonieleza.

Aliuliza swali moja: dada yake amejua tangu lini. Nikamwambia. Akavaa kofia akaenda msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado. Sikumsubiri.

Alhamisi, 31 Julai

Baba simu hapokei. Mama anasema anakula, analala, hasemi.

Namwonea huruma. Pia namkasirikia babu, mtu niliyempenda. Alimpoteza mdogo wake, sawa, hofu naielewa. Lakini alimsikia mama yake akiuliza miaka yote ile na akanyamaza. Hapo ndipo ninaposhindwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mchana baba ameingia dukani, bila kupiga simu kwanza, na kimfuko cha mbaazi. Nimeshtuka. Ametokea Kwaluguru, amelala huko kwa shangazi. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

Nikamwambia nimeshawaandikia wenye tovuti wabadilishe jina. Wamejibu kwa heshima kwamba wanahitaji ushahidi. Ushahidi wetu ni bibi mmoja asiyeona vizuri.

"Liache," baba akasema. "Aliliitikia mwenyewe. Sisi tutajua."

Halafu akasema jambo lililomleta. Anataka twende kaburini kwa bibi yake, Mwantumu.

Jumapili, 17 Agosti

Kaburi la Bibi Mwantumu liko nyuma ya shamba la zamani, pembeni ya mawe. Majani yalikuwa yameshafika kiunoni. Baba alifyeka mwenyewe, hakutaka nimpokee panga. Mimi nilikusanya. Tulipomaliza tukasoma dua. Kisha akachuchumaa, akasema na bibi yake kwa Kizigua, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Alimwambia Sefu hakumkimbia. Alimwambia Sefu alikufa, alikufa mbali, alikwenda kwa ajili ya ndugu yake. Akamwombea radhi baba yake. Hapo alirudia tena, mpaka maneno yakatimia.

Nilidhani nitajisikia nimefanikiwa. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia mtulivu, na mzito kidogo.

Jioni tulikaa nje. Baba akaniuliza kama huko Burma mvua hunyesha. Nikasema nimesoma kwamba hunyesha sana, kuliko huku.

"Basi majani yamemfunika," akasema.

Nikatafuta picha ya makaburi hayo, nikampa simu. Mistari ya mawe, nyasi fupi, zimekatwa sawasawa, na maua yamepandwa katikati. Aliisogeza karibu na uso, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Kuna mtu anafyeka," akasema.

Nikasema ndiyo, yupo. Akanirudishia simu, akaenda kufungia mbuzi.