Mbeba Ngao Si Mwizi

Saluni ya Minza,
S.L.P. 91,
Bariadi.
14 Julai, 2002

Mpendwa kaka Mayunga,

Mwangaluka, kaka. Najua hiyo ni ya asubuhi na barua hii huenda ikakufikia jioni, lakini hiyo ndiyo salamu niliyo nayo, ipokee hivyo hivyo. Mnaendeleaje huko Rujewa? Wifi Klementina hajambo? Watoto wanakua? Na kile kifua chako, baridi ya huko imekihurumia au bado unakohoa kama trekta? Nimewauliza watu kwanza, ng'ombe baadaye, usije ukasema dada yako anawaza mahari yake tu.

Sisi huku mhola duhu, salama tu. Mama yuko Nkoma, anaanika michembe ya viazi, na furushi moja nimelificha kwa ajili yako. Shemeji yako Josia namwona Jumapili kwa Jumapili, maana yuko Zagayu kwenye mizani ya kampuni mojawapo ya hizi mpya za pamba. Ungeona mambo ya siku hizi! Zamani tulikaa na pamba ndani mpaka panya wakazalia humo, tukingoja ushirika. Mwaka huu malori matatu yanaingia kijiji kimoja siku moja, na kila dereva anamwita mkulima mjomba.

Na mimi sikubaki nyuma. Saluni yangu ina miaka miwili sasa. Pembeni nimeweka televisheni na mashine ya gemu niliyoinunua imeshatumika, kwa Nuruddin mwenye duka la redio. Mteja akingoja zamu yake ya kusukwa, anacheza. Usicheke. Wako mama wazima hapa mjini wanaokuja kusuka hata nywele zisizohitaji kusukwa.

Tuna CD moja tu, na maandishi yake hakuna anayeyajua. Nuruddin anasema ni Kijapani, Josia anasema ni Kichina. Mimi ninachojua si Kisukuma. Lakini hadithi tunaifuata kwa macho. Watu wanne wanatembea nchi nzima kwa miguu, mji hadi mji, wanapigana na madude ya porini, wanazidi kukomaa. Mwanzoni kabisa mashine inakuuliza majina yao, na hapo tu ndipo ina herufi zetu. Kiongozi nilimwita Minza, ningemwita nani tena? Binti anayetibu wenzake nilimpa jina la Sikuzani, mwenzangu wa saluni, mwenyeji wa Kigoma, fundi wa kushika pedi ya kuchezea kuliko sote. Yule mnene wa shoka ni Josia, na mwenyewe amekubali. Wa nne ni mbeba ngao. Yeye hutangulia mbele na kupokea mapigo ya wenzake. Huyo nilimwandika Mayunga.

Sasa ngoja nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Baba yuko kwangu tangu mwezi wa tano. Alipata mtoto wa jicho, tukampeleka Mwanza akapasuliwa, na ilibidi akae hapa mjini, karibu na mabasi ya Mwanza, mpaka apewe miwani. Usishtuke, amepona. Ila unamfahamu baba asipokuwa na kazi. Alikalia kiti changu cha wateja, kile kizuri, jicho moja lina bandeji, la pili liko kwenye televisheni, na siku ya tatu tu akaanza kesi.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya hodi. Ni kweli, kaka, hawa watu wanne wanaingia nyumba za watu bila kubisha, wanafunua vyungu, wanachukua dawa iliyomo na kutoka. Baba aliruka. Akasema wangekuwa Nkoma sungusungu wangeshapiga yowe. Nikawatetea. Nikamwambia, baba, mwenye nyumba amesimama pale pale, anawaangalia, wala hanung'uniki. Huo si wizi, hao ni wageni wa kwao. Akasema basi wenye nyumba ni wajinga. Sikuzani akadakia kwamba hata yeye mzee amekuwa akifunua sufuria zetu tangu alipofika. Baba alicheka mpaka akashika bandeji.

Kesi ya pili, watu wa miji ile ukiwasemesha mara kumi wanajibu neno lile lile mara kumi. Hapo sikuhitaji kuwatetea. Nilimkumbusha namna yeye na Mzee Shigela wanavyosalimiana njiani, mhola, mhola duhu, mhola, mpaka ng'ombe wanachoka kungoja.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye anashtaki, mimi natetea, Sikuzani anacheza, wateja wanaamua. Nilimfurahia baba, kaka, sitakudanganya. Sikuwahi kukaa naye hivyo tangu nizaliwe.

Halafu mbeba ngao akaondoka.

Ilitokea katikati ya safari. Wote wanne wamelala kwenye kibanda, nchi imekauka, hata rangi ya ardhi imebadilika. Mbeba ngao anaamka peke yake. Anawatazama wenzake. Anachukua ngao, anachukua na mfuko wa vitu vyote, anatoka. Mlango anaurudishia polepole. Asubuhi wenzake wanaamka hawana kitu.

Baba alisema neno moja, "Mwizi." Hakulisema kwa utani. Wateja wakatazama chini, maana Bariadi ni padogo na habari ya kwetu wanaijua.

Nikasema si mwizi. Akasema mtu anayeondoka na mali ya watu waliolala ana jina gani lingine? Nikasema labda amekwenda kuwatafutia njia. Akasema njia inatafutwa mchana, kwa ruhusa. Nilipandisha hasira, unazijua hasira zangu. Nikasimama na kitana mkononi nikamwambia, "Baba, mwizi hafungi zizi!"

Nilitaka kusema mlango, kaka. Ulimi ukasema zizi.

Sijawahi kukuambia, na leo nakuambia. Alfajiri ile ya mwaka tisini na saba nilikuwa macho. Harusi yangu ilibaki mwezi mmoja na usingizi ulikuwa umenihama. Nilikuona ukitoa ng'ombe, na wale wa mahari yangu wakiwemo. Niliona ulivyorudi peke yako ukaburuta miiba ukaziba mlango wa zizi, ndama waliobaki wasitoke. Ulikuwa unalia. Majani yalikuwa yamekwisha, ng'ombe walikuwa wanakufa kila wiki, nawe ulishamwomba baba mara mbili uwahamishe, ukakataliwa. Ningepiga kelele moja tu ungekamatwa. Nilinyamaza, na nimenyamaza miaka mitano.

Baba aliinuka akaenda kulala, jua bado liko juu. Kwa siku nne hakukanyaga saluni. Nilijua nimeharibu. Mama angeniuliza ningemjibu nini? Yeye ndiye anayekesha kwa ajili yako.

Siku ya tano alikuwa na miadi Mwanza. Akarudi na miwani mipya, mikubwa, anasoma kila kitu: kopo la mafuta ya nywele, kalenda, bei zangu ukutani. (Akasema ni ghali.) Elimu yake ya watu wazima imefufuka yote. Kisha akaikalia televisheni karibu. Kwenye orodha ya majina ya wale wanne, matatu yamewaka na la nne limefifia, kwa sababu mwenyewe hayupo. Akaanza kuyafuata kwa kidole. Mi-nza. Si-ku-za-ni. Jo-si-a. Alipofika la nne midomo yake ilikwenda, sauti haikutoka.

Sikuzani alijifanya anatafuta uzi.

Mwishowe baba alisema, kwa Kisukuma, kama mtu anayeongea na magoti yake, kwamba jina hilo alilitoa yeye. Ulizaliwa yeye akiwa mbugani anatafuta malisho, akakuita Mayunga kwa sababu kuyunga ni kutembea huku na huku. "Nilimpa kutembea, halafu nikamlaumu kwamba ametembea." Ni hivyo tu, kaka. Lakini jina lako lilikuwa halijatajwa na baba tangu uondoke. Hata wale mitamba wawili uliowaleta ulipokuja kuomba radhi, akakufukuza uwanjani kabla hujanywa maji, ukawaacha wamesimama pale, mpaka leo anawaita ng'ombe za mtu. Za mtu zisiuzwe. Za mtu zipewe pumba.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa anauliza kama mbeba ngao amerudi. Kuna kijana mwingine wa upinde ambaye mashine inampendekeza ashike nafasi ile ya nne. Baba alikataa katakata. Tukatembea watatu, tukapigwa kila pori, Sikuzani akinung'unika.

Jumatano iliyopita amerudi. Tulikuwa mlimani, tumezingirwa, Josia wa shoka ameshaanguka. Mbeba ngao akatokea pembeni, akasimama mbele, akapokea mapigo yote mpaka dude likafa. Saluni nzima ilipiga vigelegele. Baba alimtazama vizuri kwa miwani yake, akasema, "Amekonda."

Halafu mashine ikaleta swali. Mbeba ngao amepiga goti, ngao ameiweka chini, na kwenye kisanduku kuna majibu mawili, la juu na la chini, kwa maandishi yale yale ya kwao. Moja bila shaka linasema karibu, la pili linasema nenda zako. Lipi ni lipi, hakuna ajuaye. Sikuzani akaogopa kubonyeza. Akampa baba pedi, akisema jibu hili ni la mzee wa nyumba.

Baba alishika pedi kama mtu aliyepewa yai. Akafikiri muda mrefu. Akabonyeza la chini.

Mbeba ngao akainuka. Akainama kwa heshima, akageuka, akaondoka polepole mpaka akatoka nje ya kioo. Ngao aliiacha pale pale chini.

Baba alisimama na pedi mkononi. "Mwiteni," alisema. "Mwiteni, sikukusudia. Ngao ameiacha, hamwoni? Si ameirudisha!" Kaka, sijawahi kumwona baba analia, na sikujua nimtazame wapi.

Nikamwambia baba, tulia, tulihifadhi mchezo kabla ya mlima. Tunazima, tunawasha, tunaanzia chini, atakuja tena na swali litaulizwa tena.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kumbe inarudiwa?"

Nikamwambia hii inarudiwa.

Tuliupanda mlima upya. Alikataa chakula mpaka tufike. Swali lilipokuja alibonyeza la juu kwa kidole gumba mpaka nikaogopa atatoboa, na mbeba ngao akaingia mstarini mahali pake, na jina lako likawaka. Baba akaniuliza kama bado nina ile karatasi ya anwani yako ninayodhani yeye haijui.

Basi ndiyo hii barua, kaka. Simu ya duka la Nuruddin unayo, ukikwama njiani piga. Kutoka Rujewa ni mbali, najua, na najua pia ulivyoumia uwanjani pale mwaka tisini na tisa. Sikulazimishi kusahau. Ila njoo na Klementina na watoto kabla mvua za vuli hazijaharibu barabara. Gemu hatujalimaliza. Baba anasema mwisho tusiufikie wewe hujafika.

Nisalimie wifi Klementina, mwambie nitamsuka bure, mara moja. Wabusu watoto, hasa yule wa mwisho tusiyemjua jina. Mama anakusalimu. Sijamwambia habari hii, nataka akuone kwanza mlangoni. Sikuzani anakusalimu pia, anasema anakufahamu vizuri na kwamba ngao yako imekwaruzika. Mungu akupe afya ya kifua, mvua ya kiasi, na njia nyeupe mpaka nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye, na wale wa mahari yangu nimekusamehe,

Minza

Baba ameomba kalamu. Haya ya chini ni ya mkono wake, ameyaandika kwa herufi kubwa kama za mashine. Mimi sikuyagusa.

MAYUNGA. NJOO. MITAMBA WAKO WAMEZAA.