Kioo cha Upande wa Baba

Jumatatu, 2 Septemba

Kliniki na Baba, kama kawaida. Kiti cha mbele, shuka magotini, tasbihi mkononi. Tangu miguu imkatae, watu anawaona njiani tu, dirishani mwa gari. Anaishi kwa salamu hizo. Leo kioo chake kimegoma. Ukibonyeza swichi kunanguruma ndani ya mlango, kioo hakishuki.

Tulipofika madukani Mtambile, Mzee Faki akainua mkono. Mzee Faki, mtoto wa ami yake! Tangu ule ugomvi wa mpaka wa mikarafuu hawasemeshani. Baba akabonyeza, akabonyeza, akagonga kioo. Nyuma yangu lori linapiga honi, nikapita. Jua lilikuwa linapiga kiooni, Mzee Faki hakuona kitu. Atadhani kadharauliwa.

Jumanne, 3 Septemba

Baba hajala mchana. Nimemwambia twende nyumbani kwa Mzee Faki. Hataki. Eti akibisha hodi itaonekana kafuata mikarafuu. "Kanisalimu njiani, nitamjibu njiani." Wazee wana kiburi, jamani! Nimekasirika, nikaenda kufua.

Fundi kasema wiki ijayo. Hayo ya wiki ijayo nayajua. Nitafungua mwenyewe.

Jumatano, 4 Septemba

Nimechomoa waya wa betri kwanza, nisije nikakatwa vidole. Kisha skrubu, kisha kava la mlango, taratibu, vile vibanio vya plastiki vinavunjika kwa kutazamwa. Kioo nimekishikiza juu kwa selotepu.

Ndani, aibu. Makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, vumbi, na uji mweusi umeganda kwenye reli na mipira ya kioo. Nikanusa. Mafuta ya nazi! Kaka yangu Hamad msimu huu kapakia magunia ya karafuu humu, na kioo kilipoanza kuwa kizito akakipaka mafuta ya nazi. Kama kichwa cha mtoto! Sikushangaa sana. Marehemu mama alitibu kila kitu kwa mafuta hayo: bawaba, cherehani, masikio yetu. Lakini mafuta yamekamata vumbi lote. Nimemgombeza Hamad kwa simu mpaka akakata.

Alhamisi, 5 Septemba

Mswaki mkuukuu, maji ya sabuni, kitambaa. Nimesugua mipira mpaka mgongo ukauma. Nikaacha ikauke. Reli nimezipaka grisi, kidogo tu. Mota yenyewe ni nzima, maskini, ilikuwa inasukuma tope.

Wakati nasugua, jirani yetu Bi Mwanaisha akaja na habari. Mzee Faki kazidiwa, yuko kitandani tangu jana, hali si nzuri. Baba alikuwa barazani, kasikia yote. Kaniuliza tu kama kioo kinashuka.

Nimerudisha waya wa betri, nikabonyeza. Kikashuka nusu, kikakwama. Nimelia. Nimelia kwa sababu ya kioo, mtu mzima mimi. Kisha nikatia tochi. Konyo moja, chini kabisa ya mfereji. Nikalivuta kwa koleo. Kikashuka chote. Kikapanda. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya sala nimempakia Baba na sikumwambia tunakwenda wapi. Nikaingia uani kwa Mzee Faki, nikasimamisha gari chini ya dirisha la chumba chake. Nilingoja kutukanwa. Baba akanitazama, kisha akabonyeza swichi mwenyewe.

"Wa alaykumu salaam, Faki!" Kwa sauti ambayo sijaisikia tangu augue. Ile salamu ya Jumatatu, ndiyo anaijibu.

Nilisikia kuku tu uani. Nikaogopa tumechelewa.

Kisha ndani, sauti nyembamba: "Khamis? Nilidhani hukuniona."

"Nilikuona. Kioo kilikwama."

"Nisamehe, Khamis."

"Nisamehe wewe."

Nikashuka, nikasimama nyuma ya gari. Mengine ni yao.

Jumapili, 8 Septemba

Mzee Faki kafariki jana asubuhi, kazikwa baada ya adhuhuri. Mungu amrehemu.

Leo nimempeleka Baba matangani. Hawezi kushuka, nikaegesha karibu na turubai la wanaume, kioo nimeshusha. Nilidhani tutasoma dua na kurudi. Mtoto mkubwa wa marehemu akaja kumpa Baba mkono. Nyuma yake watu wakapanga foleni, mmoja mmoja, mpaka dirishani, wakimpa taazia kama mfiwa. Hakuna aliyetaja mikarafuu. Baba aliupokea kila mkono. Mimi nilikaa kwenye usukani, nikitazama mbele, mpaka alipopita mtu wa mwisho.